Udongo wenye mafuta: tuuchimbe ao tuuache?

Wenzangu, leo naanza na kiwanja kimoja cha kwetu Kasongo, nyuma ya nyumba ya baba mdogo. Kwa miaka mingi fundi wa pikipiki alikuwa anamwaga pale mafuta machafu ya moteri. Udongo ukawa mweusi. Mvua ikinyesha unang'aa, na hata majani hayaoti tena.

Nilipofika likizo, baba mdogo aliniambia: "Wewe ndiye umesoma. Kusanya vijana, tuchimbe uchafu wote, tukautupe kule bondeni." Nikajibu: "Baba, tungoje kwanza." Akakasirika: "Kumbe masomo yenu ni ya kungoja tu?" Siku ile nilikosa la kusema. Jibu nililipata baadaye katika historia, na ndilo nawaletea.

Tarehe 18 Machi 1967, meli Torrey Canyon ilikwama kwenye miamba karibu na Cornwall, Uingereza, ikiwa na tani karibu 119,000 za mafuta ghafi. Watu waliona haya kukaa mikono mitupu, basi wakamwaga tani karibu 10,000 za dawa za kuyeyusha mafuta. Lakini dawa za wakati ule zilikuwa na sumu kuliko mafuta yenyewe. Konokono na viumbe wengine wa miambani wakafa kwa wingi. Mahali palipoachwa bila dawa, uhai ulirudi kwa miaka michache. Palipomwagiwa dawa nyingi, ilichukua miaka kumi hivi na zaidi.

Miaka 11 baadaye, tarehe 16 Machi 1978, ikawa zamu ya Ufaransa. Meli Amoco Cadiz ilimwaga zaidi ya tani 220,000 kwenye pwani ya Bretagne. Katika kinamasi cha Île Grande mashini nzito zilitoa mafuta pamoja na udongo na mizizi yake. Macho yaliona usafi, lakini kinamasi kilichoachwa kijisafishe chenyewe kilipata majani yake mapema kuliko kile kilichochimbwa.

Sasa msikimbilie kusema: basi, tuache tu! Tazameni Ogoni, kule Nigeria. Mwaka 2011 shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, UNEP, lilitoa ripoti yake. Pale Ejama-Ebubu, mafuta yaliyomwagika mwaka 1970 yalikuwa bado ardhini miaka 40 baadaye. Pale Nisisioken Ogale, watu walikunywa maji ya visima yenye benzini zaidi ya mara 900 ya kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Hata usafi uliofanywa kwa kugeuza tu udongo wa juu haukutosha, kwa sababu mafuta yalikuwa yameshazama chini. UNEP ilisema kurudisha ardhi ile katika hali nzuri kunaweza kuchukua miaka 25 hadi 30.

Historia hizi tatu zimenifundisha kubadilisha swali. Kabla ya kuuliza "tusafishe ao tusisafishe?", tuulize: mafuta haya yanamfikia mtu kwa njia gani? Kwa kisima? Kwa mto? Kwa chakula? Halafu tupime: dawa tunayoileta itaumiza kuliko ugonjwa?

Nikarudi kwa baba mdogo na jembe. Tulichimba shimo dogo la kupima. Weusi uliishia chini kidogo ya kina cha goti. Chini yake udongo ulikuwa mwekundu, bila harufu. Nikamuuliza: "Kule bondeni, ni nani wanaloweka mihogo?" Akanyamaza. Ni mama zetu. Kutupa udongo kule ni kuhamisha ugonjwa tu, toka kiwanja chetu kwenda kwenye sahani yetu.

Tulianza kwa kufunga chanzo: fundi alikubali kukusanya mafuta yake katika bidoni. Kisha udongo mweusi tuliurundika juu ya turubai, chini ya paa la nyasi ili mvua isiusombe. Tukauchanganya na mavi ya mbuzi na maganda ya mpunga, na kila juma tunaugeuza na kuulowesha kidogo. Vijidudu vya ardhini hula mafuta, ila vinataka hewa, maji na mbolea. Joto la kwetu linavisaidia. Lakini havili madini kama risasi yanayotoka kwenye moteri. Ndiyo maana, hata kama harufu imepungua sana, hatutapanda lengalenga pale.

Kazi hii ni ya polepole, na baba mdogo bado ananitania juu ya "masomo ya kungoja". Lakini siku hizi ni yeye anayewafukuza watoto wasichezee rundo lile.

Ninyi wa Kabambare, mnaokaa karibu na machimbo ya dhahabu ambako mapampu yanavuja mazuti kando ya mito, jambo hili ni lenu pia. Sheria nambari 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 inasema mwenye kuchafua ndiye alipe. Tuidai. Ila siku watakapokuja na mashini zao kusafisha, tusipige makofi haraka. Tuwaulize kwanza: udongo huu mnaupeleka wapi?