Askari wa Roma walilipwa chumvi? Stori ya neno 'salary' imetiwa chumvi

Huenda umeshaipata kwenye magrupu ya WhatsApp: eti neno la Kiingereza 'salary' lilitokana na askari wa Roma ya kale kulipwa mshahara wa chumvi. Stori ni tamu, ila ukweli ni nusu tu.

Kilicho kweli

Kwa Kilatini, chumvi ni 'sal'. Hapo ndipo lilipotoka 'salarium', yaani posho au malipo ya mtumishi wa dola. Neno hilo likapitia Kifaransa na kuingia kwenye Kiingereza karne ya 14.

Kilichoongezwa

Hakuna mwandishi wa enzi hizo anayesema askari walipewa chumvi badala ya pesa. Plinio Mkubwa, aliyefariki mwaka 79 volkano ya Vesuvius ilipolipuka, aliandika kwamba jina 'salarium' linatokana na chumvi, lakini hakueleza ilikuwaje. Waliokuja baadaye wakakisia kwamba ilikuwa hela ya kununulia chumvi. Wengine wakaenda mbali zaidi na kusema ni chumvi yenyewe.

Askari walilipwa nini?

Sarafu. Enzi za Kaisari Augusto, askari wa kawaida wa lejioni alipata dinari 225 za fedha kwa mwaka. Na makato yalikuwepo, kama ya nguo na silaha! Malipo hayo yaliitwa 'stipendium', neno lililozaa 'stipend' ya Kiingereza.

Hata 'soldier', ambalo nalo husingiziwa chumvi, asili yake ni 'solidus', sarafu ya dhahabu ya Roma.

Ndugu zake wako mezani

Ukitaka watoto halisi wa 'sal', angalia sahani yako. Saladi, sosi na soseji zote zina mizizi kwenye neno hilo, kwa sababu vilikuwa vyakula vilivyotiwa chumvi. Kiswahili kimeyapata majina hayo kupitia Kiingereza.

Vipi kuhusu 'mshahara'?

Hili halina chumvi kabisa. Limetoka kwenye Kiarabu, ambako 'shahr' ni mwezi. Mshahara ni malipo ya mwezi, basi. Kwa hiyo anayelipwa kwa siku hupokea ujira au posho, na anayesubiri tarehe 30 ndiye hasa mwenye mshahara.