Kosa Lililogeuka Kaida: Upokezi wa Albamu za Thrashi na Blaki Metali ya Mahadhi, 1981–2006

Uhakiki wa sanaa yoyote ile una historia yake, na aghalabu historia hiyo haiendi sambamba na historia ya sanaa yenyewe. Kazi hutangulia, hukumu hufuata, na mara nyingine hukumu ya pili huifuta ya kwanza ilhali kazi haijabadilika hata chembe. Makala haya yanachunguza mfano mmoja wa hali hiyo, nao ni maoni ya wahakiki juu ya albamu za thrashi na za blaki metali ya mahadhi, vipera viwili vya muziki wa hevi metali vilivyokua Ulaya na Marekani kuanzia miaka ya 1980. Hoja inayotetewa ni kwamba kile ambacho wahakiki wa awali walikiita kosa la fani kiligeuka kuwa kaida ya utanzu. Na kwamba kaida hiyo, ilipokwisha kukubalika, ilitumiwa kukwepa maswali ya maudhui na maadili ambayo uhakiki haupaswi kuyakwepa.

Msingi wa kinadharia unapatikana katika mhadhara wa Hans Robert Jauss uliotolewa Konstanz mwaka 1967. Jauss alishikilia kuwa kila kazi hupokewa ndani ya upeo wa matarajio ya hadhira yake, na kwamba thamani ya kazi huonekana pia katika umbali uliopo baina yake na matarajio hayo. Kazi inayokiuka upeo huo huenda ikakataliwa leo, na kesho ikawa yenyewe ndiyo inayounda upeo mpya.

Kabla ya kuendelea yafaa kufafanua istilahi. Thrashi ni muziki wa kasi kubwa, wenye vipande vifupi vya gitaa vinavyokatwakatwa na kurudiwarudiwa, na uimbaji ulio karibu zaidi na kufoka kuliko kuimba. Mada zake kuu ni vita, maangamizi ya nyuklia, wendawazimu na unafiki wa wenye mamlaka. Blaki metali hutumia sauti ya kukwaruza, gitaa linalopigwa mfululizo bila kituo, na mashairi yanayoupinga Ukristo waziwazi. Blaki metali ya mahadhi huhifadhi ukali huo, lakini huuwekea juu yake mahadhi yanayoweza kukumbukwa, hususan kwa magitaa mawili yanayopatanishwa.

Chanzo cha tanzu zote mbili hutajwa kuwa bendi ya Venom kutoka Newcastle, Uingereza, iliyotoa Welcome to Hell mwaka 1981 na Black Metal mwaka 1982. Albamu hii ya pili ndiyo iliyotoa jina lililokuja kupewa utanzu mzima. Geoff Barton, mhakiki wa gazeti la Sounds, aliipa albamu ya kwanza alama za juu kabisa huku akiufanyia mzaha ubovu wa sauti yake. Hukumu hiyo ni muhimu kwa sababu ina pande mbili zisizopatana: kwa vigezo vya ufundi wa studio kazi imeshindwa, ilhali kwa athari yake kwa msikilizaji imefaulu. Barton hakuusuluhisha mgongano huo. Aliuacha, na waliomfuata wakaurithi.

Si wote waliokuwa na subira kama yake. Bendi ya Hellhammer ya Uswisi ilipotoa Apocalyptic Raids mwaka 1984, ilibezwa na majarida ya wakati ule kuwa kelele za watu wasiojua kupiga ala. Wanamuziki wake wakuu waliivunja bendi mwaka huohuo, wakaanzisha Celtic Frost. Leo rekodi ileile huhesabiwa miongoni mwa misingi ya metali kali. Hakuna noti iliyosahihishwa wala sauti iliyosafishwa. Kilichobadilika ni upeo wa wasikilizaji.

Mwaka huo wa 1984 ndio pia ambapo Malcolm Dome, akiandika katika jarida la Kerrang!, alilitumia neno thrashi kuueleza wimbo mmoja wa bendi ya Anthrax. Kuipa sanaa jina ni tendo la kihakiki. Kabla ya jina kuwapo, kasi ya Kill 'Em All ya Metallica (1983) ingeweza kuhesabiwa kuwa utovu wa nidhamu. Baada ya jina kupatikana, ikawa sifa ya utanzu na kipimo cha kuwapimia wengine.

Mwaka 1986 ulileta kazi mbili zilizouweka uhakiki wa thrashi mahali pagumu zaidi. Master of Puppets ya Metallica ilionyesha kuwa kasi inaweza kuvumilia muundo mrefu na wenye mpango. Reign in Blood ya Slayer ilichukua njia ya mkabala: nyimbo 10 katika muda wa takriban dakika 29. Mtayarishaji wake, Rick Rubin, aliyekuwa amejipatia jina katika muziki wa hip hop, aliondoa mwangwi na kuifanya sauti iwe kavu na ya karibu. Hapa ilibainika kuwa ukali hautegemei ubovu wa rekodi. Usafi wenyewe unaweza kuuzidisha.

Hata hivyo, mjadala mkubwa haukuwa juu ya sauti. Wimbo wa kwanza wa albamu hiyo unaeleza ukatili wa Josef Mengele, daktari wa kambi ya Auschwitz, na kampuni ya Columbia ilikataa kuisambaza. Mtunzi, Jeff Hanneman, alikana kwamba anaunga mkono Unazi, akashikilia kuwa uovu wa mhusika u wazi na hauhitaji kutamkwa. Kwa istilahi za uhakiki wa fasihi, swali lilikuwa ni umbali uliopo baina ya mtunzi na nafsineni: je, kusimulia uovu bila kutoa fundisho ni kuusifu? Wapo waliojibu ndiyo na wapo waliojibu siyo. Lakini angalau swali liliulizwa.

Baadaye mizani ilipinduka. Metallica walipotoa mwaka 1991 albamu yenye jina lao, wakiongozwa na mtayarishaji Bob Rock, mwendo ulipungua na nyimbo zikafupishwa. Albamu hiyo imeuza zaidi ya nakala milioni 16 nchini Marekani pekee, lakini mashabiki wengi wa awali waliiita usaliti. Ufundi uliodaiwa kukosekana mwaka 1981 sasa ukawa ndio hatia. Mwaka 2016 Master of Puppets iliingizwa katika orodha ya kitaifa ya rekodi zinazohifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani, ikiwa kazi ya kwanza ya metali kupata nafasi hiyo. Muziki uliokuwa nje ya upeo ulikuwa umekuwa turathi.

Nchini Norwe, mpinduko huo ulifikishwa kwenye kilele chake. Darkthrone, waliokuwa wametoa albamu ya deth metali iliyorekodiwa kwa usafi mwaka 1991, waliurudia ukwaruzo kwa makusudi katika A Blaze in the Northern Sky (1992). Ubovu wa sauti haukuwa tena umaskini wa studio bali hoja dhidi ya usafi. Lakini pamoja na hoja hiyo yalikuja matendo. Kanisa la mbao la Fantoft lilichomwa tarehe 6 Juni 1992. Agosti 1993 mpiga gitaa wa Mayhem, aliyejulikana kama Euronymous, aliuawa na Varg Vikernes, ambaye mwaka 1994 alihukumiwa kifungo cha miaka 21 kwa mauaji na uchomaji wa makanisa. De Mysteriis Dom Sathanas, albamu ya Mayhem iliyotoka mwaka huo wa 1994, ina gitaa la aliyeuawa na besi la aliyemwua. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa kazi isiyoweza kutenganishwa kabisa na historia yake.

Katika mazingira hayo ndipo bendi ya Dissection ya Uswidi ilipotoa The Somberlain (1993) na Storm of the Light's Bane (1995). Mchango wake ulikuwa kurudisha kile ambacho wanausafi wa Norwe walikitilia shaka: magitaa yanayopatana, vipande vya utulivu visivyo na umeme, na nyimbo zenye mwanzo, kilele na hatima. Baadhi ya wahakiki waliona humo ulegevu; wengi zaidi waliona ukamilifu. Dimmu Borgir wa Norwe, kwa Enthrone Darkness Triumphant (1997), waliongeza kinanda na lugha ya Kiingereza, wakashutumiwa kuwa wanatafuta soko. Kwa mara nyingine mabishano yalikuwa juu ya fani.

Mwaka huohuo wa 1997, kiongozi wa Dissection, Jon Nödtveidt, alishiriki katika mauaji ya mtu mmoja mjini Gothenburg, akatiwa hatiani. Aliachiliwa mwaka 2004, akatoa Reinkaos mwaka 2006, na mwaka huohuo akajiua. Storm of the Light's Bane imeendelea kutajwa kuwa kilele cha kipera chake. Sifa hiyo haina ubishi kwa upande wa fani. Kasoro iko katika namna inavyotolewa: aghalabu mhakiki huyachambua mahadhi kwa kina, kisha huyataja mauaji kwa sentensi moja, kana kwamba maneno ya nyimbo zinazotukuza kifo ni mapambo tu. Ni kweli kwamba tendo la mtunzi si ushahidi wa maana ya shairi. Lakini kukataa kulisoma shairi kwa kuogopa tendo si uhakiki pia.

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hatakosa kuona ulinganifu. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, ukosefu wa vina na mizani ulihesabiwa na wanamapokeo kuwa kosa. Kwa kizazi kilichofuata, mashairi huru yakawa njia halali ya utunzi. Mgogoro huo ulifunza kwamba kila utanzu upimwe kwanza kwa kaida zake wenyewe. Funzo hilo lina mpaka. Mapokeo ya kuhakiki fani pamoja na maudhui yanadai kwamba mhakiki, akishakubali namna shairi linavyosema, aulize pia linasema nini. Uhakiki wa metali kali ulichukua miaka mingi kujifunza hatua ya kwanza, na ulipoifahamu ukaitosheka. Hatua ya pili ingali deni.