Tambi na mchuzi wake: wenzetu wanazilaje?

Msikilizaji, ingia duka la kijijini, iwe Bahi, Chamwino au Mpwapwa, utakuta pakiti za tambi zimepangwa karibu na sukari na majani ya chai. Zamani kwa familia nyingi tambi zilikuwa chakula cha sikukuu au cha mgeni. Siku hizi mtoto anapikiwa asubuhi kabla ya shule, mara nyingi kwa mafuta na sukari tu. Hapo ndipo penye shida. Tambi ni unga wa ngano uliokaushwa: zinashibisha na kutia nguvu, lakini mtoto hakui kwa wanga peke yake. Mataifa yaliyozila kwa karne nyingi yanazitegemeza kwa mchuzi, kama sisi tunavyotegemeza ugali kwa mlenda.

Kwanza tuondoe hadithi moja. Inasemwa kwamba Marco Polo ndiye aliyepeleka tambi Italia kutoka Uchina. Si kweli. Yeye alirudi Venice mwaka 1295, wakati mwanajiografia al-Idrisi alikuwa ameshaandika mwaka 1154 kwamba Trabia, katika kisiwa cha Sisilia, zilitengenezwa tambi nyingi na kusafirishwa kwa meli. Uchina nako ni kukongwe. Mwaka 2005 watafiti walitangaza kwamba huko Lajia lilifukuliwa bakuli la udongo lenye tambi za miaka 4,000 hivi, na walisema zilitengenezwa kwa nafaka ndogo ambazo ni ndugu wa mbali wa uwele wetu. Wataalamu wengine walitia shaka, kwa sababu unga wa nafaka hizo hauvutiki. Anayesonga ugali wa uwele anaelewa hoja yao: ukiuvuta unakatika. Ngano ina gluteni, protini inayoufanya unga uliokandwa unyooke kama uzi.

Majirani zetu Wasomali huziita baasto, jina walilolipata kwa Waitaliano waliotawala kusini mwa nchi yao. Mchuzi wake ni suugo, wa nyama, nyanya na bizari, na pembeni huwekwa ndizi mbivu. Kwa Waswahili wa pwani, tambi za futari na Iddi hukaangwa kidogo, kisha hupikwa kwa sukari, iliki na mara nyingi tui la nazi. Sisi huku bara tumechukua sukari, tui tukaliacha njiani.

Lakini mfano unaotufaa zaidi uko Asia. Mjini Wuhan, Uchina, tambi za asubuhi huchanganywa na ufuta uliosagwa. Singapore wana tambi nyembamba za mchele zinazomiminiwa mchuzi mzito wa karanga. Ufuta na karanga! Haya ni mazao ya kwetu. Mradi mkubwa wa Waingereza wa karanga pale Kongwa ulianza mwaka 1947, ukafa mwaka 1951 pamoja na matrekta yake, lakini mkulima wa jembe la mkono bado anavuna karanga hadi leo.

Kwa watu wanne hivi, twanga kikombe kimoja cha karanga zilizokaangwa mpaka zilainike. Kaanga kitunguu na nyanya mbili tatu kwa mafuta ya alizeti. Koroga karanga kwa maji ya vuguvugu, mimina, acha zichemke kwa moto mdogo dakika kumi. Usiache kukoroga, karanga hushika chini haraka. Mwishoni tia mchicha au majani ya kunde. Tambi zichemshe pembeni, na zikiiva usimwage maji yote: nusu kikombe kitie kwenye mchuzi, wanga wake unaufanya ushike vizuri. Nasi tunajua maji yanavyopatikana kwa shida.

Angalizo moja, na hili si dogo. Karanga zenye ukungu, zilizosinyaa au kubadilika rangi zinaweza kuwa na sumukuvu, na moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na mahindi ndiyo yaliyohusishwa zaidi. Zianike karanga juu ya turubai, si kwenye udongo, na zihifadhi zikiwa zimekauka kabisa. Zile mbaya usimpe hata kuku.

Kuhusu tambi za pakiti zinazoiva kwa dakika tatu, zilibuniwa Japani na Momofuku Ando mwaka 1958. Zinaokoa kuni, hilo sipingi. Ila kile kikaratasi cha viungo kimejaa chumvi. Tumia nusu yake, kisha vunjia yai humohumo sufuriani.