Alama ya kibiokemia

alama ya kibiokemia nomino [i-/zi-]. Wingi: *alama za kibiokemia*

Maana: Sifa ya kikemikali ya kiumbe, aghalabu protini au kimeng'enya, ambayo hurithiwa na hupimika, na hutumika kutambua nasaba bila kutegemea umbo la nje.

Matumizi: Istilahi hii hutokea sana katika uainishaji wa mpunga wa jadi. Mkulima hutofautisha mbegu kwa urefu wa bua, umbo la punje na harufu. Hata hivyo, baadhi ya sifa hizo hubadilika kwa udongo na maji, na mbegu mbili zisizo na udugu huweza kufanana kwa punje. Kwa hiyo wataalamu huchukua utomvu wa miche michanga, huutia katika jeli ya wanga na kupitisha umeme. Maumbo tofauti ya kimeng'enya kimoja husafiri kwa kasi tofauti na, yakitiwa rangi, huonekana kama mikanda. Mikanda hiyo hufuata jeni.

Kwa njia hii, mwaka 1987 Jean-Christophe Glaszmann alichapisha uainishaji wa mbegu 1,688 za jadi za Asia katika makundi sita. Kundi la kwanza lililingana na indika, la sita na japonika. Basmati, ambao kwa urefu wa punje ungedhaniwa kuwa indika, uliangukia kundi la tano.

Tofauti za maneno:

*Mpunga, mchele.* Katika muktadha huu sahihi ni *mpunga*. Mchele umekwisha kukobolewa, hautarajiwi kuota. Mfasiri aandikaye "mchele uliooteshwa" humpa msomaji jaribio lisilowezekana.

*Mbegu, spishi.* Supa na Basmati ni mbegu, yaani aina, za spishi moja, *Oryza sativa*. Mpunga wa asili wa Afrika Magharibi, *Oryza glaberrima*, ni spishi nyingine. Kuziita mbegu 1,688 "spishi" ni kosa la maana, si la mtindo.

*Kundi.* Litumike kwa mkusanyiko wa mbegu zenye nasaba ya karibu ndani ya spishi.

Mifano:

*Alama za kibiokemia zilionyesha kuwa mbegu hizo mbili, ingawa zina jina moja, ni za makundi tofauti.*

*Mpunga huu haukuainishwa kwa umbo la punje, bali kwa alama za kibiokemia.*

Taz. pia: kimeng'enya, nasaba, uainishaji