Qigong: Mazoezi ya Wagonjwa

Mwaka 1973, wanaakiolojia waliofukua kaburi la tatu la Mawangdui, mjini Changsha, China, walikuta vipande vya hariri vilivyochakaa. Kaburi hilo lilifungwa mwaka 168 KK. Vipande vilipounganishwa, walionekana watu 44 waliochorwa kwa rangi katika safu nne, wanawake kwa wanaume, wengine vifua wazi. Mmoja ameinama na fimbo ndefu mikononi. Maelezo mafupi kando yao ndiyo yanayonivutia zaidi: baadhi yanataja wanyama, kama dubu na korongo, na mengine yanataja maradhi waziwazi, yakiwemo maumivu ya goti na uziwi. Anayetafuta humo siri za watawa wa milimani atachoka bure. Waliochorwa pale ni watu wanaotaka nafuu.

Mwishoni mwa enzi ya Han, tabibu Hua Tuo alifundisha mazoezi ya kuiga simbamarara, kulungu, dubu, nyani na ndege. Wanahistoria wa kale waliandika kwamba mwanafunzi wake, Wu Pu, alipita miaka tisini akiwa bado na meno imara. Karne zilizofuata ziliongeza mitindo mingi, ya Watao na ya Wabudha, kila mmoja na mwalimu wake.

Lakini qigong, yaani mazoezi haya ya mwili na pumzi, kama tiba ya hospitali ni ya juzi tu. Katika miaka ya 1940 Liu Guizhen, mtumishi wa Chama cha Kikomunisti mkoani Hebei, aliugua vidonda vya tumbo. Alirudi kijijini, akafundishwa kukaa kimya na kuvuta pumzi hadi chini ya kitovu, akapata nafuu. Wakubwa wake wakaona hapo tiba isiyohitaji dawa, katika nchi iliyokuwa na uhaba wa madaktari. Mafundisho yakapunguzwa mambo ya dini, na katikati ya miaka ya 1950 Liu alikuwa akiendesha vituo vya tiba Tangshan na Beidaihe. Mapinduzi ya Utamaduni yakaja kuyafagia yote hayo.

Aliyeirudisha qigong hadharani ni mchoraji Guo Lin, mgonjwa wa saratani, aliyewafundisha watu katika bustani za Beijing miaka ya 1970. Muongo uliofuata mambo yalivuka mipaka: walimu walijaza viwanja vya michezo wakidai kuponya watu walio mbali, na wanasayansi wenye majina wakaunga mkono. Baada ya serikali kulipiga marufuku kundi la Falun Gong mwaka 1999, ilibana makundi mengine ya qigong pia, kisha mwaka 2003 ikatoa mitindo minne rasmi.

Mmoja wa mitindo hiyo ni Baduanjin, wenye hatua nane. Unaanza kwa kufuma vidole, kugeuza viganja na kuvisukuma juu polepole, visigino vikiwa chini. Tafiti zinaonyesha kwamba mazoezi ya namna hii huweza kuwasaidia wazee kusimama imara na kushusha kidogo shinikizo la damu, ingawa nyingi kati yake ni ndogo. Vidonge vya presha havina budi kuendelea kumezwa.