Nani Mwenye Jina la Nchi?

Mwaka 2012 Serikali ilipoumega Mkoa wa Shinyanga na kuunda Mkoa wa Simiyu, makao makuu yakiwa Bariadi, jina jipya liliingia kwenye ramani. Baadaye likaingia kwenye intaneti: simiyu.go.tz. Kompyuta huitafuta anwani hiyo kuanzia kulia: kwanza Tanzania, kisha Serikali, mwisho mkoa. Kiungo cha kulia kikikatika, vilivyo kushoto kwake havifikiki.

Nani hukishika kiungo hicho? Mwanzoni kilishikwa na watu, si taasisi. Jon Postel, mhandisi wa Marekani, ndiye aliyesimamia ugawaji wa majina ya nchi, naye aliyakabidhi kwa wataalamu aliowaamini. Mwaka 1993 jina la Kenya, .ke, liliwekwa chini ya Dkt. Shem Ochuodho, mwanasayansi wa kompyuta, huku mhandisi Randy Bush akishughulikia upande wa ufundi kutoka Marekani. Jina letu, .tz, lilisajiliwa mwaka 1995.

Ochuodho hakupora kitu. Alibeba dhamana ambayo ofisi nyingi za umma zilikuwa hazijatambua thamani yake. Lakini maisha ya mtu hayasimami: mwaka 1997 alichaguliwa kuwa mbunge wa Rangwe. Postel naye alifariki mwaka 1998. Je, jina la taifa lifungamane na safari ya mtu mmoja? Kenya ilijibu mwaka 2002 kwa kuikabidhi .ke kwa KENIC, chombo cha Serikali na wadau wa sekta. Tanzania iliunda tzNIC mwaka 2006.

Mtumishi wa umma asidhani haya ni ya mabingwa wa mitambo tu. Katika safari yangu ya utafiti Bariadi nilipewa anwani ya barua pepe ya ofisi moja. Ilikuwa ya bure, ya kampuni ya kigeni. Niliandika mara tatu bila kujibiwa. Kumbe aliyeifungua alikuwa amehamishwa, na nywila akaondoka nayo. Barua za wananchi zilikuwa zikirundikana mahali ambapo hakuna awezaye kufungua.

Waanzilishi tuwashukuru. Kosa ni letu tunaporithi kazi yao bila kuweka utaratibu wa makabidhiano. Kila ofisi itumie anwani ya .go.tz, na mtumishi anapohama, akabidhi nywila kama anavyokabidhi mafaili na funguo.