Nani Humshukuru Aliyerudi? Kumbukumbu za Vita vya Kagera Kutoka Mwembesongo

Kila mwaka, ifikapo tarehe 25 Julai, Taifa letu huadhimisha Siku ya Mashujaa. Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara wa kumbukumbu, Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi huweka sime, tarumbeta hulia, nasi husimama kimya. Ni heshima inayowastahili marehemu. Lakini kwa miaka kadhaa nimekuwa nikijiuliza swali moja: waliokwenda vitani na kurudi wakiwa hai, hao hushukuriwa na nani?

Katika mitaa ya Mwembesongo, hapa Manispaa ya Morogoro, wapo wazee wanaolijibu swali hilo bila kuulizwa. Wengine walikuwa askari wa kudumu wa JWTZ, wengine wanamgambo waliotolewa mashambani na viwandani. Leo aliyekuwa na umri wa miaka 20 mwaka 1978 amekwisha kuvuka 65. Nimeketi nao barazani mara nyingi, na jambo lililonigusa kuliko mengine ni kwamba wazee hawa hushukuriana wao kwa wao.

Tukumbushane kwa ufupi, kwa ajili ya vijana. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuikalia ardhi yetu ya kaskazini mwa mto Kagera. Daraja la Kyaka likavunjwa, mifugo ikaporwa, na wananchi wapatao 1,500 wanakadiriwa kupoteza maisha. Mwanzoni mwa Novemba Mwalimu Nyerere alilitangazia Taifa kwamba sababu, uwezo na nia ya kumpiga mvamizi tunavyo. Jeshi lililokuwa na watu wasiofikia 40,000 likapanuka hadi kuzidi 150,000, wakiwamo wanamgambo wapatao 40,000. Malori na mabasi ya watu binafsi yakachukuliwa kubeba askari na shehena. Januari 1979 Mutukula ikatekwa, Februari Masaka, Aprili Entebbe na Kampala, na mapema Juni askari wetu wakafika mpaka wa Sudan. Sehemu kubwa ya safari hiyo waliikamilisha kwa miguu.

Hivyo ndivyo vitabu vinavyosimulia. Barazani Mwembesongo masimulizi yana umbo jingine. Majina ya majenerali hutajwa kwa heshima, kisha huachwa. Kinachozungumzwa ni matope, viatu vilivyooza miguuni, sanduku la risasi lililobebwa na wawili baada ya wa tatu kuugua. Siku moja nilimsikia mzee mmoja akimwambia mwenziwe, "Afande, yale maji ya Lukaya sijayasahau. Ahsante." Naye akajibu, "Usinishukuru mimi, mshukuru dereva aliyeyaleta. Mimi niliyagawa tu."

Lukaya panahitaji kuelezwa. Tarehe 10 Machi 1979, katika barabara ipitayo kinamasini kati ya Masaka na Kampala, Brigedi ya 201 ilikabiliwa na majeshi ya Amin pamoja na Walibya waliokuja kumsaidia. Brigedi hiyo ilikuwa na wanamgambo wengi ambao hawajawahi kuonja vita. Roketi zilipoanza kuanguka, wengi walivunja safu na kukimbia. Usiku ule makamanda waliwakusanya na kuwapanga upya, huku Brigedi ya 208 ikizungushwa ubavuni mwa adui. Asubuhi ya tarehe 11 walishambulia kutoka pande mbili, na adui akashindwa. Njia ya kwenda Kampala ikawa wazi.

Katika hotuba zetu za sherehe, usiku ule haumo. Tunapenda shujaa asiyeogopa hata mara moja. Wazee wanajua vingine: kwamba mtu aweza kukimbia jioni na kurudi alfajiri, na kwamba huko kurudi ndiko kunakostahili shukrani. Wanaposhukuriana, hushukuriana kwa kurudi. Nadhani hapo wanaufahamu ushujaa kuliko sisi tunaoufundisha madarasani.

Morogoro ingepaswa kulielewa jambo hili mapema. Agosti 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia mji huu, na Wajerumani wakarudi nyuma kupitia Milima ya Uluguru. Pande zote mbili zilitegemea wapagazi, Waafrika waliobeba chakula na risasi vichwani, na wengi mno walikufa kwa njaa na maradhi. Mnara wa Askari uliosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 unawataja wapagazi katika maandishi yake, lakini sanamu iliyo juu imeshika bunduki. Mzigo haukupata sanamu. Nani leo anayajua majina ya waliobeba mizigo ile milimani? Wamekufa, na waliowasikiliza wamekufa pia. Dereva wa lori la mwaka 1979 yuko njiani kuelekea usahaulifu uo huo.

Si kwamba ninataka masimulizi matamu matupu. Mutukula ilibomolewa na askari wetu, na raia waliuawa. Mwalimu mwenyewe alikasirika na kuagiza raia waheshimiwe. Wazee wengine hulitaja jambo hili kwa sauti ya chini, wengine hunyamaza. Kuwashukuru hakutudai tufiche hayo. Mtu anayeaminiwa kwamba hatageuzwa sanamu ndiye huthubutu kusema yote. Na waliporudi hawakukuta karamu: vita vilikuwa vimekomba hazina, nchi nzima ikafunga mikanda, na askari wa mwisho walitoka Uganda mwaka 1981 wakaikuta foleni ya sabuni na sukari.

Ndugu msomaji, kwa hiyo nina rai. Kila shule ya sekondari hapa Morogoro inaweza kuwatuma wanafunzi wake wa somo la Historia, wawili wawili, wakiwa na simu zao za kurekodia, wakaketi na wazee hawa mwezi mmoja kabla ya Siku ya Mashujaa. Wasiulize tu nani alikuwa kamanda. Waulize nani alipika, nani aliendesha lori, nani alifunga jeraha, nani aliogopa, na nini kilimrudisha. Wakimaliza, waseme ahsante. Gharama yake ni nauli ya daladala. Mkuki na ngao viendelee kuwekwa mnarani kwa ajili ya waliolala. Waliobaki wanaishi mtaa wa pili kutoka kwako, na kila mwaka baraza yao inapungua mtu mmoja au wawili.